Nikate ama Nikunje

Mama Mutua,

Salamu sina. Ningekuwa nazo ningempa mtu mwingine, maana tangu Ijumaa nimekukasirikia na hasira hazijapoa. Haki ya Mungu, ungekuwa bado kwenye baraza letu hapa Kaloleni, ningekutupia mkasi.

Nianze na mashine, kwa sababu hiyo hujui. Hata udongo wa kaburi lako haujakauka, kaka yako alikuja Nairobi, akakodi mkokoteni. Akasema amekuja kuchukua mali ya dada yake. Nikamwambia cherehani tuliinunua sisi wawili kwa pesa za chama chetu cha akina mama, na laini yote ya nyumba hizi inajua. Akaniangalia kutoka juu hadi chini. "Kwani wewe mama ni wa ukoo gani wetu?" Mimi, Mama Nafula, niliyeshona na wewe goti kwa goti tangu watoto wetu wakiwa matumboni, naulizwa ukoo! Alibeba mashine, akabeba benchi, akabeba hata kopo la vifungo. Mkasi ulibaki kwa sababu nilikuwa nimeukalia. Mutua wako alisukuma mkokoteni bila kuniangalia usoni. Yeye simlaumu, ni mtoto, angefanya nini.

Basi ndiyo hiyo Disemba yangu. Akina mama walikuja kupimisha watoto yunifomu za Januari kama kawaida, wakakuta baraza tupu, wakanipa pole, wakaenda zao Buruburu kwenye lile duka kubwa. Unalijua. Wewe ndiwe uliyesema mguu wako hautakanyaga mle hata kununua chumvi. "Wanauza nguo zisizo na mwenyewe," ulikuwa ukisema, na kila mteja akitukimbia ulilaani mpaka mchungaji wetu akakuonya. Mimi nilikuwa nakucheka. Nikasema huyu Mkamba siku moja atapigana na jengo.

Na Nafula amepita mtihani. Hilo pia hujui. Ungepiga vigelegele mpaka watu watoke nje. Ameitwa sekondari, na babake tangu reli impunguze kazi hana la kufanya ila kusikiliza redio. Nilikuwa nashona kwa mkono, vifungo na zipu za majirani. Mtoto hasomeshwi kwa zipu, Mama Mutua.

Hapo ndipo ujumbe ulipokuja kutoka duka lile lile. Wanataka fundi wa nusu siku, kuanzia mchana mpaka jioni, na Jumamosi kutwa. Ukinunua yunifomu kwao, wanakurekebishia bure pale pale. Waliniulizia kwa jina. Nilishangaa wamenijulia wapi, lakini nikajiambia Mungu hamtupi mja wake. Baba Nafula akapunguza redio, akasema, "Nenda. Hasira hailipi nyumba."

Kusema kweli nilitaka kukataa. Saa za mchana mpaka jioni ndizo akina mama wa hapa hutoka kazini wakaleta watoto kupimwa. Nikiwa Buruburu saa hizo, baraza letu limekufa, hata nikipata mashine nyingine. Na nusu siku ni uongo mtupu. Mshahara ni nusu, lakini siku wameichukua yote. Nikasema niende tu nijaribiwe, nione, halafu nimkatalie mtu usoni. Nilitaka hiyo raha.

Ijumaa nikaenda. Kijana mmoja mwenye tai, ndiye msimamizi, akanikalisha kwenye mashine ya stima. Mashine yenyewe ina wazimu. Mguu wangu umezoea kukanyaga pole pole, huku ukigusa tu inakimbia na kitambaa. Akanipa sketi ya mtoto wa darasa la kwanza, kubwa, nifupishe. Nikafanya kama tunavyofanya. Nikapima, nikakunja upindo mpana kwa ndani, nikapitisha uzi mrefu mrefu ambao mama ataufumua Januari ijayo, na ile nyingine, na ile nyingine. Sijui njia ingine. Nani Kaloleni anamshonea mtoto sketi isiyoweza kushushwa?

Kijana akaishika, akatingisha kichwa. "Mathe, hapa hatukunji. Hapa tunakata." Nikamuuliza, na mtoto akirefuka? Akasema, "Si atanunuliwa ingine? Ndiyo biashara." Kando yake kuna gunia limejaa vipande vya yunifomu, vitambaa vizima vizima, vya kutupwa. Damu ikanipanda kichwani. Nilikuwa nafungua mdomo nimwambie maneno yake, ndipo akacheka, akasema, "Lakini nyinyi watu wa Kaloleni mna nini? Hata yule mwingine alikunja."

Yule mwingine nani?

Mama mrefu, akasema, ana pengo hapa mbele. Alikuja mwezi wa kumi, juani, amevaa sweta.

Nduku! Mama Mutua! Wewe wa kutokanyaga! Kijana akanieleza yote: ulikunja upindo wako, ukaambiwa ukate, ukaweka mkasi chini. Ukamwambia kijana huyo wewe huwezi, mkono wako umekataa, lakini una mwenzako, anaitwa Mama Nafula, ana mkono mwepesi na ana binti wa kusomesha. "Yeye atakata," ulisema. "Mngojeeni." Akakuuliza kwa nini usijifunze tu kukata, Januari kuna kazi nyingi. Ukamjibu wewe Januari hufiki. Yule mtoto wa watu alidhani unasafiri.

Yaani wewe uende kwa Mungu na mikono safi, na mimi niachwe hapa niwe wa kukata! Ulinipima wapi ukaona ninatosha kazi ambayo wewe imekushinda? Kama ni dhambi, kwa nini uliniombea kazi hiyo? Na kama si dhambi, kwa nini hukukata mwenyewe? Nijibu hapo.

Na lile la pili ndilo linaloniua. Mwezi wa kumi ulijua. Nilikuwa nakuuliza, "Mama Mutua, sweta ya nini na jua hili?" Ukasema, "Ni baridi tu ya mifupa, shona." Kumbe uvimbe ulikuwa umeshakula titi, na wewe unaupitisha mbele yangu chini ya sweta kila asubuhi. Ungeniambia ningekubeba mgongoni mpaka hospitali. Ningeuza mashine hiyo hiyo kabla kaka yako hajaifikia. Lakini mimi nilijua siku ulipoanguka, wakati kijana wa tai wa Buruburu alikuwa ameshaambiwa. Mgeni! Umemwambia mgeni kifo chako, mimi ukaniambia nishone.

Nimelia kidogo hapo. Nimepangusa, naendelea.

Yule kijana nilimwacha na sketi yake mkononi. Alisema wananingoja mpaka Jumatatu. Nilirudi kwa miguu Jogoo Road yote nikiongea peke yangu, na pale soko la Burma muuza nyama mmoja akaniuliza, "Mama, unagombana na nani?" Nikamwambia nagombana na maiti. Akarudi kwa nyama zake.

Nimefikiria tangu hapo. Nikikataa, watatafuta fundi mwingine, naye atakata, gunia litajaa vile vile, na Nafula atakaa nyumbani aje kutoa nyuzi kwenye zipu. Nikikubali, watakuja pale akina mama wa laini hii, wale ambao watoto wao tumewashushia sketi mwaka baada ya mwaka, wasimame mbele yangu na yunifomu mpya, na mimi nikate wakiona. Watanyamaza. Watu wa hapa wakikudharau huwa wananyamaza.

Basi sikia. Jumatatu naenda. Nitakata. Sitakunja kwa siri, kijana anasimama mgongoni, na mimi si mtu wa hila, hizo nilikuachia wewe. Mama yeyote akiniuliza, nitamwambia ndiyo, nakata, mtoto wangu anasoma mwaka huu na wako utajua mwenyewe mwakani. Ni neno baya, nalijua. Nimelisema kwa sauti hapa jikoni kuona kama linatoka, na limetoka. Wala sikuombi ruhusa, maana ulishaitoa bila kuniuliza.

Ila nakuahidi hili. Shule zikifungwa mwezi wa nne nitachukua mshahara wao, tupande basi mimi na Nafula, tuje Kangundo kwenye kaburi lako. Kaka yako aniulize ukoo tena, nitamjibu. Nafula atalia, unamjua, na mimi nitasimama juu yako nikugombeze vizuri, yote, bila kuharakisha, mpaka sauti ikauke. Nikimaliza nitang'oa magugu, kwa sababu najua hapo hakuna mwingine atakayeinama.

Mpaka siku hiyo lala, mwanamke mkaidi wewe.

Mama Nafula