Nundu ya Kashata

Olmotonyi, 10 Machi 2024

Kwa mpwa wangu Anande,

Habari za Mafinga? Huku wazima. Anti yako Marta kifua kimepoa, mvua imeanza kuuzunguka mlima, na mimi unanijua, magonjwa yakiniona yanabadilisha njia. Barua nimempa kondakta wa basi. Simu siitaki, ukianza kuongea hunipi nafasi.

Sasa habari za farasi wako Kashata. Siku unaondoka kwenda kujifunza kazi ya farasi, ulisema yule mama Mzungu wa Usa River amekuachia mnyama mnene mno, kwa hiyo nimpunguze. Nyasi kavu tu, nimtembeze kwa kamba, asipandwe na mtu mpaka urudi. Nilitii. Nilitii mpaka nikaona aibu. Jumapili baada ya ibada Godwin, yule jirani asiyefunga mdomo hata akilala, akaniuliza mbele ya washarika wote: "Elieshi, yule mgeni wako naye anafunga Kwaresma?" Watu walicheka mpaka mchungaji akageuka.

Mimi! Mimi ambaye ng'ombe wangu hapiti mlangoni bila kugeuka ubavu! Nikasema basi. Nimemfungia bandani kama tunavyofungia dume la Krismasi. Asubuhi pumba, mchana migomba ya kukatakata na molasi juu yake, jioni machicha ya pombe ya mbege. Anakula amefumba macho.

Na kufunza wanyama usinifundishe. Ujanani nilimkamata punda milia kule Momella nikampanda mpaka uwanja wa Kaloleni. Mechi ilisimama. Refa akapuliza filimbi, alidhani nimeotea.

Mjomba wako,
Elieshi


Mafinga, 24 Machi 2024

Shikamoo mjomba, na anti pia shikamoo.

Mimi ni mzima, baridi tu ya huku. Barua yako niliisoma nimesimama, nikairudia nimekaa chini.

Mjomba, farasi si ng'ombe. Dume la Krismasi linaneneshwa kwa kuwa linakwenda kuchinjwa. Kashata anatakiwa atembee. Farasi akizidiwa na mafuta na sukari anaumwa kwato: zinashika moto kwa ndani, mfupa unaachana na ukwato, na akifika hapo hasimami tena. Nakuomba uondoe pumba, molasi na machicha leo hii. Mrudishie nyasi kavu, lakini usimnyime chakula kabisa, njaa ya ghafla nayo inamwua. Mtembeze polepole mpaka ukipitisha vidole ubavuni uzisikie mbavu. Zishike kwato kila asubuhi. Zikiwa za moto, mwite Daktari Ludovick wa mifugo pale Ngaramtoni. Na asipandwe, ana miaka mitatu tu, mgongo bado mchanga.

Unajua kinachonisubiri. Mwezi wa saba wale wenye farasi wa watalii watakuja kumwona. Akiweza kupanda mlima na mtu mgongoni, wanamchukua yeye na wananiajiri mimi nimwongoze. Asipoweza, narudi soko la Kwa Mrombo kutandika turubai niuze nyanya. Sina kingine, mjomba.

Mpwa wako,
Anande


Olmotonyi, 28 Aprili 2024

Anande,

Amani ya Bwana. Huku mvua inanyesha mpaka kuku wanaogelea, lakini tunakula na tunalala. Shikamoo yako nimeipokea, marhaba.

Miezi miwili tu huko kwa watu wa farasi, tayari unanifundisha nyasi! Wenzako wa rika lako wana watoto. Wewe una farasi, na huyo farasi mwenyewe namlea mimi.

Basi kaa vizuri nikupe habari. Kashata ameota nundu! Iko juu ya shingo, nene, ngumu, akitafuna inatikisika. Godwin alikuja kunicheka, akaishika kwa mkono wake, akanyamaza. Godwin akanyamaza, Anande! Farasi mwenye nundu wewe umemwona wapi? Watu wanatoka mpaka Ngaramtoni kuja kutazama. Alikuja hata Yiamat, yule Mmaasai anayechunga mbuzi huku chini, akamtazama sana halafu akasema, "Huyu miguu inamuuma." Nikamwambia mbuzi wako wanakuita.

Halafu mafunzo. Nimemfundisha saluti. Akisimama ananyoosha miguu ya mbele, mbele kabisa, anaegemea nyuma, kichwa chini, kama askari mbele ya mkubwa wake. Nilianza naye kwa fimbo ya mti wa kahawa. Sasa fimbo hata siishiki, anapiga saluti mwenyewe kutwa nzima. Na akigeuka, anageuka kwa hatua ndogondogo kama bibi harusi.

Kwato nimezishika, usiseme sisikii. Ni za moto kama chungu. Hiyo ni damu, mama. Chakula kinafanya kazi.

Na sasa Godwin huyohuyo amekuja kwangu kofia mkononi. Mwanawe Naftali anaoa mwezi wa sita, anaomba bwana harusi aende kanisani juu ya Kashata. Nimekubali kabla hajamaliza.

Mjomba wako,
Elieshi


Mafinga, 5 Mei 2024

Shikamoo mjomba.

Leo sina salamu ndefu. Hiyo si saluti. Kwato za mbele zinamuuma, anaegemea nyuma asizikanyage. Hiyo si nundu, ni mafuta. Kila ulichokisifia kwenye barua yako ni ugonjwa. Yiamat amekwambia kweli, ukamfukuza.

Nimempigia Daktari Ludovick, atafika wiki hii. Mwache amtibu. Mtandikie maranda mengi bandani, mmwagie kwato maji ya baridi, na kwa sasa asitembezwe kabisa.

Niliomba ruhusa nije. Tajiri wangu wa huku akasema nikiondoka kabla ya Juni kwisha, nisirudi, na cheti cha mafunzo sipati. Bila cheti wale wa watalii hawanitazami. Nimelia, halafu nimeamua kubaki na kukuamini wewe. Harusini waende na gari, mjomba. Nakuomba kwa jina la mama yangu, dada yako.

Anande wako


Olmotonyi, 17 Juni 2024

Mpwa wangu,

Hujambo? Mimi sijambo, ila sauti sina, nimeiacha harusini.

Daktari wako alikuja na kimkoba chake. Nikamwambia mgonjwa ni aliyekonda, mnyama aliyeshiba hivi anadungwa sindano ya nini? Akaanza kubisha. Nikamfungulia mbwa.

Lakini usilalamike kwamba sikusikilizi. Ulitaka apungue, si ndiyo? Wiki ya harusi sikumpa hata jani, ili awe mwepesi. Na maji nilimpa kidogo.

Jumamosi tukamvika shada na vitenge. Akalala bandani, hataki kusimama, kudeka tu. Nikamwamsha kwa fimbo, vijana wa kwaya wakamsukuma, tukampandisha Naftali, na Naftali unamjua, ni pande la mtu. Tukashika lami. Ungeona! Anakanyaga kama anakanyaga makaa, mguu huu juu, mguu huu juu. Watu wakapiga kelele, "Anacheza! Anafuata matarumbeta!" Simu zote hewani. Povu likamtoka, macho yakamtoka, nikawaambia ni furaha. Kufika mlango wa kanisa akapiga magoti. Yote mawili, Anande! Farasi kupiga magoti mbele ya kanisa! Akina mama walipiga vigelegele mpaka bibi harusi akasahaulika.

Bado yupo palepale kanisani, kwenye majani. Tangu Jumamosi hajainuka, sifa zimemchosha. Wazee wa kanisa wananiambia nimwondoe. Nimemwekea pumba na molasi karibu na mdomo, hataki hata kunusa. Kiburi hicho umemfundisha wewe. Ukija nitakuonyesha namna ya kukitoa.

Mjomba wako,
Elieshi


Olmotonyi, 4 Agosti 2024

Kwa Anande,

Habari za Kwa Mrombo? Marta amenidokeza kwamba upo sokoni na nyanya zako, ndiyo maana barua hii naituma kwa bodaboda. Mimi ni mzima, ingawa hujauliza.

Nataka nikuulize neno moja. Alhamisi ile ulipokuja na Daktari, nilikuwa nimekaa nje ya kanisa na wanaume wenzangu. Nilikuona tangu getini. Nikavua kofia, nikakaa sawa nipokee shikamoo yangu. Ukapita. Mtoto wa dada yangu, ukanipita kama nguzo ya umeme! Ukaenda kukaa kwenye majani, ukampakata kichwa, ukamwambia Daktari, "Mpumzishe." Ukalia, ukamzika na ngozi yake nzima, ngozi ya maana kabisa, ukapita tena. Godwin aliona. Sasa nikipita ananiambia, "Shikamoo Elieshi, wacha nikuamkie mimi."

Cheti umekiacha mwenyewe, zikiwa zimebaki siku kumi tu Juni iishe. Usiseme ni mimi. Na wale wa watalii walikuja mwezi wa saba kama ulivyosema. Niliwaonyesha banda, nikawaonyesha na video kwenye simu ya Naftali, wakaondoka bila kumaliza chai. Watu hao hawajui farasi.

Marta naye tangu aitazame hiyo video ananiwekea chakula mezani, halafu yeye anakwenda kula jikoni. Atazoea.

Mimi sina kinyongo. Banda ni tupu na machicha yanachacha. Kama kule Mafinga kuna mwingine mdogo, sema nao wakupe, umlete. Huyo nitaanza naye mapema.

Kila Jumapili nipo palepale nje ya kanisa. Wewe anza tu na shikamoo. Marhaba yangu iko tayari.

Mjomba wako,
Elieshi