Kamanda Avuliwe Mkanda

Dar es Salaam

Kwa Tata, baba yangu, Kerende.

Shikamoo, Tata. Goti linaendeleaje? Na Mama je, tumbo limepoa au bado linamkata? Mimi ni mzima, ila nina hasira, na hasira yenyewe ni juu yako. Unisamehe.

Kwenye simu ulinikatia sijamaliza, kwa hiyo dada Bhoke akusomee hii polepole. Ule mkanda wa shingoni wenye kifaa cha kupima maji, tulioleta mimi na wenzangu wa kazini, ulikuwa wa yule ng'ombe mwekundu anayetangulia kundi kwenda kijitoni, kule chini ya pale wanapooshea dhahabu kwa zebaki. Akiinama kunywa, kifaa kinagusa maji, kinarusha habari hadi kwenye mnara wa shuleni, nami naziona huku kwenye kompyuta. Wewe ukamvalisha Kamanda! Jamani, Tata!

Najua jibu lako: "Kitu kizuri namna ile nimvalishe jike la kuzurura, na dume langu lipo?" Sawa, amependeza, na wazee wanatoka hata Nyangoto kuja kumtazama. Lakini Kamanda hatoki zizini. Anakunywa maji ya mvua unayomtekea mwenyewe kwenye tenki. Kila asubuhi naiona alama yake kwenye ramani, palepale zizini, na kompyuta inaandika maji safi, maji safi. Jana mkubwa wangu kasema Kerende ni salama, vifaa vihamishiwe kwingine wiki ijayo. Nikamweleza habari ya dume. Akacheka mpaka akavua miwani, kisha akasema yeye anaandika kilichopimwa. Nilitoka nje nikalia.

Tata, hapo nyumbani anayekunywa maji safi ni Kamanda tu. Tenki umelifunga kufuli kwa ajili yake. Mama anachota kijitoni. Wanawe Bhoke wanachota kijitoni. Hilo tumbo la Mama sijui limetoka wapi, na kwa mkanda ulivyokaa sasa hakuna atakayejua.

Mvue Kamanda, umvalishe yule mwekundu, halafu mwache aende na wenzake. Nisalimie Mama, dada Bhoke na wanawe, na mama mkubwa wa Sirari akija sokoni.

Simu sipigi tena. Nitakaa naitazama ile alama. Ikitoka zizini ikashika njia ya kijitoni, nitajua umenisikia.

Na ufunguo wa tenki, Tata, mpe Mama.

Binti yako,
Ghati