Kimya Kabla ya Mkate

Karama, Dubai
14 Februari 2016

Dada Ritah,

Hamjambo huko Mbale? Mgongo wa Baba umetulia? Mimi ni mzima kupita wazima wote, na tangu Ijumaa hakuna mwanamume hatari kama mimi Karama nzima. Watu wakinikuta kwenye ngazi wanabana ukuta nipite.

Nimempiga Henry. Yule mlinzi mwenzangu wa ghala la Jebel Ali, tunalala naye chumba kimoja, shingo kama gunia la mahindi. Jua la Ijumaa lilikuwa limezama, Sabato imeingia. Nimetandika kitambaa, mikate yangu miwili mizima chini ya leso, chumvi pembeni, kama Baba anavyotufundisha sinagogi. Nikanawa mikono. Na unajua, ukishanawa hakuna neno mpaka mkate uingie kinywani. Henry akaniuliza nani kamaliza sukari yake. Nikaguna. Akarudia, nikaguna. Akasema, "We Myahudi, naongea na wewe au na ukuta?" Nikamwonyesha mikono inayochuruzika maji. Akanizaba kibao, mikate ikaenda sakafuni.

Dada, nilimpiga kichwa cha pua, damu ikaruka mpaka kwenye feni. Nikamng'ata sikio. Jino lake moja ninalo, nikuletee ulitie hereni?

Mdogo wako, bondia wa Karama,
Yekoniya

Mbale
21 Februari 2016

Mdogo wangu,

Sisi tupo, Baba anakohoa kidogo tu. Jino la mtu sitaki, litupe. Nilipomsomea Baba ujumbe wako alicheka pale pa kuguna, halafu akauliza kama uso umevimba.

Lakini Mama Hadijah amekuja dukani analia. Mwanawe Ashiraf hashiki simu tangu Ijumaa hiyohiyo. Mliondoka pamoja, mnalala chumba kimoja. Mbona maneno yako yote hayo hayana Ashiraf?

Dada yako,
Ritah

Karama
6 Machi 2016

Dada,

Natumaini mmeamka salama. Huku si salama.

Ashiraf ndiye alitutenganisha. Alimkamata Henry kiunoni, akamtupa kitandani, akasema khalas, yameisha. Kisha akainama kunikusanyia vitu vyangu sakafuni. Henry akachomoa chuma cha kitanda. Nilimwona akikiinua. Ashiraf alikuwa amempa mgongo. Kilimpata kisogoni, akaanguka, kikampata tena. Kichwa kilibonyea kama sufuria, dada. Hakuamka. Jumatano amefariki hospitali. Henry yuko polisi.

Kila mtu ananiuliza kwa nini sikupiga kelele. Nilikuwa nimenawa, mkate sijauonja. Sheria ilinifunga mdomo. Mwambie Baba, yeye atanielewa.

Mdogo wako,
Yekoniya

Mbale
15 Machi 2016

Yekoniya mdogo wangu,

Sijui nikuulize hali ipi. Tumemzika Ashiraf juzi.

Baba nilimsomea. Alisema uhai wa mtu unaisukuma kando Sabato yote, sembuse kimya kidogo cha kabla ya mkate. Ungepiga kelele, ungerudi kunawa, basi. Kisha akasema, "Nilimfundisha kunyamaza. Sikumfundisha lini aseme. Damu hii ni yangu." Ijumaa watu walimngoja aubariki mkate, akakataa. Mikate ililala mezani imefunikwa.

Kesho asubuhi anakwenda kwa Mama Hadijah kupiga magoti aseme kosa ni la mafundisho yake. Hafiz, kaka yake Ashiraf, ameapa kaburini kwamba yeyote mwenye mkono katika kifo hiki atamvunja miguu. Tayari amempiga stendi binamu wa Henry anayeishi hapa Mbale, hatembei. Nimemsihi Baba, hasikii. Kama una neno, lilete leo.

Dada yako,
Ritah

Karama
15 Machi 2016

Dada,

Leo sisalimu. Funga mlango, Baba asitoke. Ficha viatu vyake, fanya lolote, kisha umsomee hii.

Mkate nilikuwa nimeshaula. Ashiraf aliniokotea yote miwili, akaipangusa kwa kanzu yake, akanipa. Nikabariki, nikamega, nikameza. Yeye akainama kutafuta kibakuli cha chumvi. Mdomo wangu ulikuwa huru, dada, na kitu cha kwanza nilichofanya nao ni kumtukana Henry mama yake, mbele ya chumba kizima. Ndipo akachomoa chuma.

Nilikiona kikipanda. Nafasi ya kuita ilikuwepo. Nikaona nikiita tu, atanigeukia mimi.

Baba alinifundisha vizuri. Mimi niliogopa, nikanyamaza.

Mdogo wako,
Yekoniya