Mwisho Niliomwandikia Mwizi Wako

Mwalimu wangu,

Sikuandikii ili kulia. Nililia siku za matanga yako nikamaliza. Leo nina hasira, tena nina furaha, na sina mwingine wa kumwambia.

Unamkumbuka katibu wa chama wa kule Mikelenge, yule aliyekuwa akikucheka eti unapoteza wino? Siku ya tatu ya matanga aliingia kwako na abakosti yake mpya, ile suti ya wakubwa wa chama, akamwambia mke wako, Mama Feza, kwamba chama kitayalinda madaftari yako yote saba. Mama, na kilio kile, akampa. Mwezi haujaisha tukasikia katibu ameandika kitabu. Katibu! Mtu asiyeweza kuandika hata tangazo la salongo, la kuita watu kufagia barabara, bila kuniita nimsahihishie!

Kisha akanijia nyumbani. Kitabu hakina mwisho, akasema, na siku ya sherehe ya chama atakisoma mbele ya wakubwa. Mimi ndiye niliyekuwa nikikunakilia, basi nimmalizie. Nikamjibu ndiyo, Sitwayeni, kama wanachama wanavyopenda kuitwa, bila shaka.

Miaka minne ulinitesa na neno moja: "Mutoto, soma kwa sauti. Mara tatu. Pale unaona haya, njo pale pa kufuta." Hata barua ya kuagiza mchele kutoka Kailo ulinisomesha mara tatu. Nilikuchukia, usikasirike. Lakini nilijua aliyeiba kazi haijui kazi, hatasoma kitu kabla. Nikamchelewesha makusudi, nikampa kurasa mbili za mwisho siku yenyewe ya sherehe, ngoma zikiwa zimeshaanza.

Akasoma, Mwalimu! Kwa sauti yake ile ya mkutano akafika kwenye maneno yangu: "Madaftari haya niliyachukua kwa mjane akiwa bado analia, na humu sijaandika hata neno moja." Alishatamka yote ndipo akaelewa. Halafu akina mama wa soko wakaanza kucheka, wakacheka mpaka wakubwa wenyewe wakafunika midomo. Jasho likamtoka, madaftari yakamwanguka. Mama Feza akayaokota moja moja, akayafunga katika kikwembe chake cha begani, akaenda zake bila kumwangalia.

Sasa niko Pangi kwa dada yangu, maana katibu alituma watu kunitafuta. Ninaogopa, sikufichi. Nikisikia pikipiki naingia jikoni. Lakini kumsamehe? Aka! Natamani kila akifungua kinywa mbele ya watu asikie kile kicheko.

Mwisho wa kweli uliniambia ukiwa kitandani, kikohozi kikikukata kila neno, na sijamwambia mtu. Ninauandika huku, mezani kwa dada, watoto wakinipigia kelele. Mama Feza ameahidi kuniletea madaftari mwenyewe.

Basi pumzika, Mwalimu, kazi nimeipokea. Jina lako nitaliweka juu. La katibu sitaliweka popote, hata la kutukanwa. Atakisoma kitabu chote akijitafuta, na hatajiona.

Mimi, Zaina wako.