Hilari Hakukataa

Ng'ambo,
Tabora.
14 Juni, 2024

Mpendwa shemeji Wilbroad,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Hujambo huko Windhoek? Tunasikia mwezi huu baridi ya huko inawavalisha watu makoti mawili mawili, na wewe ulivyo mwembamba, sijui hata hilo la kwanza linakukaaje. Kifua chako je, kimetulia? Sisi tunaendelea. Advera wetu amefunga shule, anakula kama mtu aliyetoka kifungoni. Mama anakusalimu, mwangaluka zake ni nyingi kuliko karatasi hii.

Najua utashangaa, dunia hii ya simu mtu bado anaandika barua! Lakini simu nyumbani kwetu inashika sebuleni tu, na sebuleni yupo Mama. Siku hizi anasikia nusu, nusu nyingine anajitungia. Kwa hiyo barua hii inakuja kwa mkono wa Padri Tobias, anayekuja mkutano huko, na nimeibandika gundi nyingi kwa sababu utakazoziona.

Kwanza, televisheni. Kila ukipiga unaniuliza, nami nakujibu inafanya kazi, Mama anamwangalia mwanawe mpaka anachoka. Shemeji, nimekudanganya. Tangu uitume mwezi wa pili, Mama hajamwona Hilari hata kivuli.

Unajua zile video za marehemu kaka yako ziko ndani ya kompyuta yake, hazipo kwingine. Kioo cha kompyuta kilikufa zamani, tundu la waya nalo likavunjika, ndiyo maana alikuwa anazirusha hewani kwenda kwenye ile televisheni yetu ya kwanza, iliyokuja kuunguzwa na radi. Alituwekea kila kitu tayari, hakutufundisha hata kitu kimoja. Nani alijua ataondoka mapema hivyo?

Mama anataka moja tu: ile ya kule Tura, Hilari anakata viazi vya michembe. Mama anamkemea kwamba anakata vipande vinene, havitakauka mpaka Yesu arudi, naye anacheka mpaka kisu kinamdondoka. Unakumbuka siku ya mazishi Mama alikuwa amelazwa na ule mguu. Hakumwona mwanawe, hakutupa hata konzi ya udongo. Na sasa daktari wa macho amesema jicho la kushoto limekwenda, la kulia likifika Krismasi tumshukuru Mungu. Hata ingekuwepo kwenye simu asingeona kitu. Tegemeo letu lilikuwa hiyo kubwa uliyotuma.

Sasa nikwambie nilichofanya. Sijamwambia mtu, hata Padri kwenye kitubio.

Siku ile fundi alipomaliza kuifunga ukutani, Advera aliwasha kompyuta chumbani, akatoka kwenda dukani kununua vocha. Mama alikuwa amelala. Nilibaki peke yangu na rimoti. Mara kioo kizima kikaandika: HILARI ANAOMBA KUINGIA. Chini yake, RUHUSU. Pembeni, KATAA.

Yesu na Maria! Miezi mitatu tangu tumzike! Sikukumbuka kabisa kwamba ile kompyuta aliipa jina lake mwenyewe. Nilimkumbuka bibi yangu tu, aliyetufundisha kwamba marehemu akiita haitikiwi, akipiga hodi hafunguliwi. Mkono ukabonyeza. Kataa. Advera aliporudi akakuta kioo cheusi, nikamwambia sijui.

Tukamrudisha fundi, yule Shilinde. Akahangaika weee, mwishowe akasema, "Hapa inaonyesha Hilari imekataliwa. Nani aliikataa?" Mimi nikaanza kufuta vumbi kwenye meza isiyo na vumbi. Akaanza kutafuta pa kuifungulia, umeme ukakatika. Kesho yake akaenda Kaliua kwenye kazi nyingine, hajarudi mpaka leo. Advera naye kabonyeza huku na huku, sasa televisheni imegeuka Kichina. Maandishi yote, shemeji! Tunaitazama tu.

Lakini si hilo linaloniua. Shilinde alipokuwa akisema, Mama alikuwa kwenye kiti chake. Lile neno "imekataliwa" likamfikia nusu. Yeye alisikia "Hilari amekataa".

Tangu siku hiyo, kila saa kumi jioni anavaa kitenge chake cha Pasaka, anakaa mbele ya hicho Kichina na kusema, "Karibu baba, pita." Anangoja. Halafu anajiambia polepole, "Bado anakataa. Ni haki yake. Mama gani hamziki mwanawe?"

Nami nimekaa pembeni, rimoti mkononi. Hilari hakukataa. Alikataliwa, na aliyemkataa ni mkewe. Nikimsahihisha Mama ataniuliza, amekataliwa na nani? Nimejaribu mara tatu kumwambia, kila mara naishia kumuuliza kama anataka chai. Ninaona aibu, na ninamwonea huruma mpaka nalia jikoni.

Nisaidie, shemeji. Wewe umeyasomea mambo haya. Niandikie kama unamwandikia mtoto wa chekechea: wapi pa kubonyeza tutoke kwenye Kichina, na wapi pa kumruhusu aliyekwisha kukataliwa. Kama haiwezekani kwa maandishi, basi njoo. Usingoje Krismasi.

Mengine ni ya kawaida. Mahindi mwaka huu ni haba, ila asali ipo. Nimempa Padri chupa yako moja. Ukiikuta imepungua, muulize yeye. Msalimie sana Spesioza wako na watoto. Mjomba Raymundi anakusalimu, na Advera anasema usimchape kwa ajili ya Kichina.

Mama amenikuta naandika, akaomba niweke neno lake. Ninaliandika kama alivyolisema: "Mwambie Wilbroad anibembelezee kaka yake. Wao walikuwa wanasikilizana."

Mungu akutunze huko uliko, akulete salama.

Wako akupendaye, shemeji yako,
Apolinaria