Mita Niiweke Wapi kwenye Pikipiki ya Baba Nasra

Jumatano, Tibirinzi. Mvua imepiga tangu alfajiri, imekata mchana, na sasa yanadondoka yale maji yaliyobaki kwenye mabati tu. Nasra kalala. Nyumba imenyamaza mpaka nnasikia friji ya jirani inavyonguruma.

Leo nimefunga mita ya betri kwenye pikipiki. Habari ndiyo hiyo. Mtu atasema, basi na hilo nalo la kuandika? Kwangu la kuandika, maana kile kidude kimekaa juu ya kabati siku zote hizi nikishindwa kuamua nikiweke wapi, na leo nimetokwa na machozi kwa fundi mbele za watu.

Nikasingizia moshi.

Ngoja nianze mwanzo. Baba Nasra yuko Oman, anaendesha gari la maji. Alipoondoka Nasra alikuwa bado hajakaa kitako, sasa anakimbia. Siku ile sikufagia nyumba. Kwetu msafiri hafagiliwi nyuma yake, usije ukazitoa nyayo zake pamoja na taka. Mie kwa kutaka arudi upesi nikaongeza na la kwangu. Pikipiki yake nikaiacha palepale alipoiegesha ukumbini, imeelekea kulekule alikoielekeza. Kila Ijumaa nikiifuta vumbi, siti nikiipaka mafuta ya nazi isije ikapasuka, kisha nikiifunika kanga yangu ya harusi. Kuiwasha, siiwashi. Niliona kama kuvaa viatu vyake.

Na kuendesha najua. Alinifundisha yeye mwenyewe, mwaka tuliooana, kwenye kiwanja cha mpira, watoto wakitukimbilia nyuma na kushangilia.

Nasra ukimuuliza baba yuko wapi, huionesha pikipiki.

Basi ikaja siku mtoto kashikwa na homa kali. Nikasema leo lazima. Nikaivua kanga, nikatia ufunguo, nikabonyeza. Kimya. Hata kukohoa haikukohoa. Pikipiki yenyewe ni skuta, haina kiki, ni ya kubonyeza tu. Nikambeba Nasra mgongoni, nikaenda naye hospitali kwa miguu, na chombo nimekiacha nyumbani kinang'ara kama bibi harusi.

Fundi Sleyum alipoifungua alicheka mpaka akakaa chini.

"Betri ni kama ng'ombe wa maziwa, mwanangu. Usipomkama anakauka. Weye umemfunika kanga!"

Kumbe kitu unaweza kukitunza mpaka ukakiua.

Nimelifikiria sana neno hilo, zaidi ya alivyokusudia fundi.

Akanitilia betri mpya, na tangu hapo nnaiwasha kila siku. Asubuhi nnapeleka vitumbua Madungu, ndoo iko miguuni, Nasra kasimama mbele katikati ya magoti yangu kama yeye ndiye dereva. Nilipomweleza Baba Nasra kwenye simu hakukasirika. Alicheka. Baadaye jamaa mmoja aliyerudi likizo akaniletea kutoka kwake kopo la maziwa ya unga. Ndani mna soksi mpya za mtoto, na ndani ya soksi moja mna mita. Kiduara kidogo cheusi, kinawaka namba nyekundu. Volti kumi na mbili na nusu, betri imeshiba. Ikishuka chini ya kumi na mbili, ina njaa, iwahi kabla haijakuacha njiani.

"Utaiweka pale unapoiona," Baba Nasra aliniambia kwenye simu.

Nikaona maneno mepesi hayo. Kumbe!

Mama mkwe wangu, anakaa Kiuyu, nilimpigia kumtaka shauri. "Usitie tundu chombo ambacho mwenyewe hayupo," akasema. "Akija atatoboa kwa mkono wake." Nikamwitikia, sawa mama. Hakusema kwa ubaya. Na yeye pia anamngoja, ila yeye kanitangulia kumngoja, tangu yuko tumboni.

Leo mvua ilipokata nikaenda na Nasra kwa fundi, mita yangu ndani ya soksi yake. Fundi akasema, "Panda kwanza, nione jicho lako linaangukia wapi."

Akaishika upande wa kulia, karibu na mguu wa kioo. Pale ndipo wengi wanapoifunga. Mie siioni, kichupa cha mafuta ya breki kinaniziba. Nikajinyanyua kidogo kwenye siti, ikaonekana. Yaani mtu mrefu angeiona bila ya tabu. Baba Nasra ni mrefu.

Akaishusha katikati, chini ya saa ya spidi, ikanitazama usoni. Wala mkono wa Nasra haufiki hapo.

"Hapa," akasema fundi.

"Hapo mwenyewe hataiona, mpaka ainame."

"Sasa mama, mie nnamfungia nani? Mwenye chombo au anayekipanda?"

Kijana mmoja aliyekaa benchini anangoja tairi lake akadakia, "Mfungie kwenye paji la uso, fundi, hatoisahau!" Wote wakacheka. Na mie nikacheka. Katikati ya kicheko ndipo ule moshi uliponiingia.

Maana nikiiweka kwa jicho langu, nimekubali kwamba harudi karibuni. Nikiiweka kwa jicho lake, ndiyo nnaifunika kanga tena.

Nikamtumia ujumbe wa sauti, nikamuuliza kulia au katikati. Tukangoja, fundi akaendelea na tairi la yule kijana. Jibu likaja lina upepo mwingi, yuko barabarani.

"Mama Nasra, si nilikwambia unapoiona? Weye ndiye uliye njiani na mtoto. Mie niko huku."

Nikausikiliza ujumbe wake, nikaurudia tena pembeni, karibu na ukuta. Kulikuwa na huruma ndani yake, ile nnaijua. Lakini zamani hakuwa akimaliza maneno bila kusema "nikija". Nikija tutapaka rangi. Nikija tutampeleka Nasra. Leo nimelitafuta hilo neno, sikuliona.

Pengine alikuwa na haraka. Pengine.

Nikarudi kwa fundi. Nikamwambia, "Funga katikati. Lakini usitoboe. Na waya usiukate."

"Umezidi, utaning'inia."

"Ukunje, fundi. Uwe unafika kule kwenye kioo."

Alinitazama. Mita akaibana kwa kibano kwenye chuma cha usukani. Waya akauunga pale panapopata umeme ufunguo ukiwashwa tu, ili pikipiki ikilala na mita ilale, isiinyonye betri. Uliobaki akauzungusha taratibu kwenye kidole, akauficha ndani ya plastiki. Alipomaliza akapima kwa shibiri yake mpaka kule upande wa kulia. "Unafika," akasema. "Na ziada kidogo."

Njia ya kurudi namba ilipanda mpaka kumi na nne, ndivyo inavyotakiwa injini ikiwa inafanya kazi. Nasra kaiona, akapiga kelele, "Taa!" Akanyoosha mkono, haukufika. Tulipofika nikazima, namba ikazimika. Ukumbi ukarudi kiza. Pikipiki nimeiegesha imeelekea mlangoni, tayari kwa asubuhi. Pale alipoiegesha yeye hapaoneshi alama yoyote sakafuni. Nilidhani patabaki alama.

Kanga ya harusi leo sikuifunikia pikipiki. Kajifunika Nasra, katoa mguu mmoja nje, kama alalavyo baba yake.

Baba Nasra, sijui kama unasoma haya nnayoyaandika. Siku ukija utaniambia hapo katikati huioni, utacheka ufupi wangu. Usihangaike kutafuta waya. Upo, nimekuwekea, umekunjwa mlemle ndani.