Matanga Yasiyo na Maiti

Jumanne, mwezi wa sita. Kolwezi kuna baridi na vumbi. Nimeshinda chini ya blanketi mbili. Daktari ameacha kunipa tarehe ya kurudi.

Tangu enzi za Zaïre nimeficha jambo moja. Aliyemsaliti mhubiri wetu, Tata Mukendi, ni mimi. Si Mama Ngalula.

Wakati ule kanisa letu dogo la Musonoi halikuwa na kibali, na kusali bila kibali kulikuwa kosa. Basi tukasali kama wafiwa. Kila Jumapili tulitandika mikeka uani kwa Tata Mukendi, wanawake wakajifunga vitambaa, tukamwimbia Mungu mchana kweupe. Vijana wa chama tawala walipita wakitupa pole. Mmoja aliwahi kutuletea gunia la makaa. Tulicheka hadi machozi, na machozi yakatusaidia.

Mimi nilikuwa mwalimu wa shule. Siku moja nikaitwa ofisini kwa chama. Karani akataka kujua ni nani huyo anayekufa kila wiki kwa Mukendi.

Nikajibu kwamba hakuna aliyekufa. Tunasali.

Jumapili iliyofuata walimchukua Tata Mukendi, Biblia ikiwa mkononi. Walimtaka aikane imani yake, akakataa. Alirudi baada ya miezi mingi, sikio moja halisikii, akafariki kabla ya mvua kuanza. Hayo ndiyo yalikuwa matanga yetu ya kwanza ya kweli.

Watu walimshuku Mama Ngalula kwa kuwa aliuza mandazi mbele ya ofisi ile. Wakamtenga. Hakwenda kanisa lingine. Kila Jumapili alisimama nje ya ua akiimba nasi, mpaka akazeeka.

Mimi, mzee wa kanisa, nilikuwa ndani. Sauti yake niliisikia.

Tumemzika Jumamosi.

Leo nimemwita binti yake, Kapinga, nikamweleza kwamba ni mimi niliyesema. Kisha akanivutia blanketi hadi mabegani.

"Balikupiga, tata," akasema. "Bengine bote balibapiga. Mutu bakimupiga, anasema tu. Mama angejua, angekusamehe."

Akanishika mkono, akalia. Nami nikaupokea msamaha ule, nikanyamaza.

Kapinga, hakuna aliyenigusa. Waliniwekea kiti, wakaniita mwalimu, wakaniuliza mara moja tu.